Walipodhani Naangalia Kuku

Mjukuu wangu Rehema amemaliza chuo. Amesomea lishe, amepanga chumba cha mbele kule Temeke, amechorewa kibao kizuri chenye jina lake. Kibao kiko mvunguni mwa kitanda. Nilipomuuliza kinaatamia nini huko chini, akacheka, halafu akasema, "Bibi, naogopa. Mama wa watu akiniuliza mie ni nani mpaka nimwambie habari ya mtoto wake, nitamjibu nini?"

Basi nimekaa kumwandikia, yeye na wenzake aliomaliza nao, Jenifa na Shamsa na yule mrefu Godlove. Mie niliishia darasa la nne, mwandiko wangu unapanda na kushuka kama barabara yetu ya Chanika, nivumilieni. Lakini hilo swali la Rehema nalijua. Lilinisumbua hata mie nilipofungua huduma yangu hapa nyumbani, na mtu aliyekuwa anijibie hakuwepo.

Mtu huyo ni Asumini.

Nilikutana naye jikoni, kwenye wodi ya watoto waliodhoofu, hospitali moja upande wa Kipawa. Wote wawili tulitoka kusini, yeye Masasi, mie Newala, wote wawili tuliajiriwa kupika. Kazi yetu ilikuwa uji, maziwa, na kukaa na kila mama mpaka mtoto ale. Wenye taaluma walipima na kuandika, sie tulilisha. Nawakumbuka wale watoto wote. Tausi, aliyetema kila kitu isipokuwa ndizi. Baraka wa Vingunguti, baba yake alichuna ngozi machinjioni, siku mtoto aliposimama mwenyewe akatuletea maini, tukala wodi nzima. Upendo na pacha wake Faraja, ambaye hakurudi nyumbani.

Kule jikoni Asumini alikuwa mdomo, mie mkono. Mie nilikoroga, nikapoza, nikamjua mtoto yupi anakula akiimbiwa na yupi akiachwa ashike kijiko. Asumini alisema. Mama akiingia kainamisha kichwa, kajifunika khanga mpaka puani, Asumini ndiye aliyemfunua.

Mnajua kwa nini walijifunika. Nyie mmesomea mengi lakini sijui kama chuoni walilitaja neno hili: kubemenda. Mtoto akikonda, nywele zikawa nyepesi, mtaa haumuulizi mama anamlisha nini. Mtaa unasema mtoto kabemendwa, yaani wazazi hawakuvumilia, walirudiana mapema au mmoja alitoka nje ya ndoa, na aibu yao imemwingia mtoto. Kwa hiyo mama mwenye mtoto aliyedhoofu anabeba vitu viwili, mtoto, na maneno ya chumbani kwake yanayosemwa kisimani. Wengine walimficha mtoto ndani mpaka akashindwa hata kulia.

Asumini alikuwa na dawa yake. Alisimama katikati ya wodi, mwiko mkononi, akasema kwa sauti, "Haya, nani kabemenda humu? Mie nimemjua. Kabemenda sufuria, si mama." Wodi nzima ikacheka, na yule mama aliyejifunika akacheka humo humo ndani ya khanga, akaitoa. Kwa kuwa wote mle walikuwa na jambo moja, hakuna aliyemcheka mwenzake.

Tulikubaliana tukistaafu tufungue kwetu. Kwangu Chanika kulikuwa na uwanja na kibaraza. Mdogo wake Asumini, Bakari, mchonga vinyago, akatuchongea vigoda viwili vya mninga, kimoja kipana kwa ajili yake, kingine changu. Asumini alishapanga hata maneno. "Sie hatutibu," alisema, "sie tunakaa na mama jikoni. Mgonjwa tunampeleka hospitali, mwenye njaa tunamlisha, asiyejua tunamwonyesha." Kila alipolisema neno hilo, sie, mie nilijiona mtu mkubwa.

Tukastaafu. Mwezi uleule mama yake alianguka kule Masasi, akaenda kumuuguza. Aliniaga kituoni, akaniambia, "Korosho zikiisha nakuja. Usifungue bila mie." Korosho zikaisha. Mama hakupata nafuu. Akanipigia simu, akasema, "Somoe, fungua. Nitakukuta njiani."

Nikafungua, ila nawaambieni, nilifungua mlango tu. Mdomo ulibaki umefungwa. Asubuhi nikisuuza sufuria nilijaribu kusema, "Mie Somoe, natoa ushauri wa lishe." Nikifika kwenye "mie" sauti inakatika. Sie niliweza kusema. Mie sikuweza. Mie nani? Mpishi wa uji. Mwanamke asiyeweza kusoma maandishi ya kwenye kopo la dawa bila kusogeza midomo. Nilikaa kwenye kigoda changu, kile cha Asumini kikiwa pembeni yangu kitupu, na mtu akipita nje nilijikuta namwombea apite.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kibao. Nilimwita fundi Hamza, anayechora mabango ya saluni na bucha. Nikamwambia aandike HUDUMA YA LISHE YA WATOTO. Ubao ulikuwa mfupi, herufi zake nene, zilipofika LISHE ubao ukaisha. Akasema hakuna neno, watu wataelewa, na kwa kuwa amenibania maandishi atanipa mchoro wa bure. Nikamwambia achore chakula kizuri. Hamza ana kitu kimoja anachojua kukichora. Akanichorea jogoo, mwekundu, kifua mbele, mkia kama moto.

Pale Chanika kila nyumba ya tatu ina banda la kuku. Sasa fikirieni wenyewe.

Wa kwanza waliuliza unga wa lishe kilo shilingi ngapi. Nikawaambia siuzi unga, wakaondoka. Halafu akaja Baba Anitha, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Moshi, mpole. Kapiga hodi, kanipa shikamoo, kakaa kwenye kigoda cha Asumini bila kuambiwa. Akasema, "Mama, nimeona kibao chako nikasema Mungu kanisikia. Nina kuku wa mayai, nusu yao wamedumaa. Chakula nawapa, dawa nawapa. Nifanyeje?"

Ningemwambia hapa si pa kuku ingekuwa imekwisha. Lakini mie mtu wa haya, nikaona vibaya kumwaibisha mwalimu. Nikamuuliza maswali ninayoyajua. Wanakula chombo kimoja? Chombo kimoja, akasema. Wakubwa na wadogo pamoja? Pamoja. Umewahi kusimama ukawaangalia wakila, tangu mwanzo mpaka mwisho? Akafikiri, akasema hapana, anamwaga chakula anawahi kipindi.

Nikamwambia akasimame awaangalie. Wodini tulikuwa na mama wa namna hiyo, anaweka sinia moja kwa watoto wote, anageuka, akirudi sinia jeupe, anasema wote wamekula. Kumbe yule mdogo ameshika tonge moja, wakubwa wamemaliza chakula. Kila mtoto na bakuli lake, ndipo unajua nani kala. Baba Anitha akaenda, akawatenga wale wadogo na chombo chao. Siku zikapita, akarudi anacheka meno yote nje, kaniletea mayai. Tangu siku hiyo mtaani nikawa bibi wa kuku. Wakaja na matetea, na bata mzinga, na mmoja akaja kuuliza habari ya nguruwe, nikamwambia, "Mwanangu, hapo sasa unanitafutia maneno msikitini."

Nilimpigia Asumini nikamhadithia. Alicheka mpaka akakohoa, na akikohoa anacheka. "Somoe, umekuwa daktari wa kuku," akasema. "Nikija, huyo jogoo nitamfuta kwa mkono wangu." Nikamwambia njoo basi umfute. Akasema, "Nakuja, mwenzangu. Niwekee kigoda changu, usimkalishe mtu." Nikamficha habari ya Baba Anitha kukikalia.

Hiyo ndiyo sauti yake ya mwisho niliyoisikia. Bakari alinipigia kabla ya mfungo. Ilikuwa kifua. Nilipofika Masasi walishazika, na mama yake, yule mgonjwa, ndiye aliyekaa kitako akanipokea.

Nikarudi Chanika, sikuwa na hamu. Watoto waliodhoofu walikuwepo mtaani, nilijua, niliwaona mgongoni mwa mama zao wamefunikwa juani. Kwangu hakuingia hata mmoja. Nikajisemea, bila mdomo kazi hii haiwezekani, nilikuwa najidanganya. Nikamwambia Hamza, Idi ikipita uje ukwangue kibao, nitakiuza ubao tu.

Hamza alikuja. Alikwangua kuanzia mkiani. Alikuwa juu ya ngazi, vumbi jekundu linamwagika, mie nimekaa kibarazani naangalia nikiwaza Asumini angesema nini, ndipo akaingia mwanamke kijana, kajitanda khanga, kabeba kitu mgongoni kimefunikwa. Akatazama juu kwa Hamza. Akaniambia shikamoo, halafu kabla sijaitikia vizuri akauliza, sauti ndogo, "Bibi, mmeacha kuangalia kuku?"

Nikamuuliza ana kuku gani.

"Nina kifaranga," akasema. "Hakikui."

Nikataka kumwelekeza kwa Baba Anitha. Kisha nikaona macho yake. Alikuwa anaangalia kwangu, halafu barabarani, halafu kwangu. Wakapita majirani wawili na ndoo, mmoja akamwuliza Zuhura, ndilo jina lake, anatafuta nini kwa bibi. Akajibu haraka, "Nimekuja kuulizia vifaranga." Wakapita zao, hawana habari.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mama huyu asingepita kwenye mlango ulioandikwa watoto. Mlango wa watoto waliodhoofu ni mlango wa waliobemenda, anayeingia kajitangaza. Ila kwa kuku kila mtu anaingia. Nilidhani kibao changu kinawafukuza, kumbe jogoo ndiye anayewafichia njia, na huyu ndiye wa kwanza kupata ujasiri wa kuipita. Na nikawaza jambo jingine lililoniuma. Asumini angekuwepo angesimama na mwiko wake aseme nani kabemenda humu, na Zuhura angetoka mbio. Hapa hapakuwa wodini, hapa palikuwa mtaani kwake. Wakati huu ulimtaka mtu asiyejua kupaza sauti.

Nikamwambia Hamza ashuke. Akasema mama, nimeshamtoa mkia. Nikamwambia mwache hivyo hivyo.

Nikasogeza kigoda cha Asumini. Nikamwambia Zuhura, "Kaa. Kifaranga chako kinaitwa nani?"

Akajitandua khanga taratibu. "Yasini," akasema, akaanza kulia.

Yasini alikuwa na umri wa kutembea lakini hakutembea. Nikamfanyia nilichofundishwa wodini. Nikambonyeza miguu kwa kidole gumba nione kama shimo linabaki. Likibaki, mtoto amevimba, hakuna cha uji wala ushauri, ni hospitali saa hiyohiyo, hilo, Rehema na wenzako, msije mkalisahau hata mteja akilia na kuwapigia magoti. Halikubaki. Nikampa kijiko cha uji, akakidaka. Anayedaka kijiko ana nguvu bado. Hata hivyo nikamwambia lazima apimwe, na kwa kuwa aliogopa kuonwa na majirani kwenye foleni ya kliniki ya karibu, nilimsindikiza mbali, kulekule Kipawa. Afisa lishe, Bi Gaudensia, akamzungushia mkononi ule utepe wa rangi wa kupimia unene wa mkono, akaniambia, "Bibi Somoe, huyu wa kuja kupimwa kila wiki, katikati umlishe wewe." Aliposema wewe nilitaka kugeuka nione nani kasimama nyuma yangu.

Tatizo la Yasini lilikuwa unga. Mama mkwe wa Zuhura, Bi Chiku, alisaga unga wa lishe wa kujivunia, mahindi, ulezi, mtama, mchele, soya, karanga, mbegu za maboga, dagaa, vyote kinu kimoja, vimekaa kwenye ndoo tangu mvua. Karanga ikisagwa ikakaa inaanza uchungu. Mtoto anakataa. Akikataa, unaongeza maji ili uji upite. Unakuwa maji ya kunawa yenye rangi. Mtoto tumbo linajaa, mwili haupati. Wanangu, unga wa nafaka moja unatosha, karanga twanga leo za leo, tia mwishoni na kijiko cha mafuta, uji ubaki kwenye kijiko ukikiinamisha. Na yai, tulikuwa nalo, mayai ya Baba Anitha. Nilimwambia Zuhura haya akiwa uani kwangu, anakoroga yeye, mie natazama. Alikuja asubuhi akiwa na bakuli ndani ya khanga, na akiulizwa njiani alikuwa anakwenda kwa vifaranga.

Ila uongo wa kuku una mwisho. Siku moja hodi ilipigwa kwa kishindo, akaingia Bi Chiku mwenyewe. Mwanamke wa rika langu, mnene, mwenye nyumba yake. Zuhura akaacha mwiko, akakaa akampakata Yasini. Bi Chiku akazungusha macho uani, akasema, "Mkwe wangu anakuja hapa kila kukicha. Kuku wenyewe sijawaona."

Nikasema karibu, Bi Chiku. Hakukaa.

"Mie nimezaa na nimelea," akasema. "Mtoto huyu najua kilichompata, na huyu mama yake anajua, na mwanangu anajua. Kabemendwa. Hakuna uji wa kutoa hilo. Wewe ni nani mpaka uingilie mambo ya nyumba yangu?"

Swali lako, Rehema. Lilikuja hivyo hivyo, limevaa baibui, limesimama mbele yangu. Nilitazama kigoda cha Asumini, ndicho alichokuwa amekalia Zuhura na Yasini mapajani. Nilitafuta maneno ya Asumini, ya sufuria. Nikaona nikimwambia Bi Chiku kabemenda sufuria, sufuria ni yake, unga ni wake, nitakuwa nimemwaibisha, na Yasini hatarudi hapa tena. Zuhura alikuwa ananitazama. Kama ningenyamaza angenyanyuka amfuate, na nilijua mtoto yule akirudi kwenye ule uji hataiona Idi nyingine.

Nikasema, "Bi Chiku, mie mambo ya chumbani kwa watu siyajui. Mie najua ya jikoni. Njoo jikoni."

Sauti ilikuwa ndogo, lakini "mie" ilitoka, tena mara mbili.

Nikaokota mwiko, nikageukia karanga zilizokuwa motoni. Nikamwambia tena kuwa karanga zinanishinda, mkono wangu umezeeka, nikikaanga zinaungua upande mmoja, yeye nasikia ni fundi. Hiyo haikuwa hila, ni kweli, karanga ni kazi ya Asumini, mie ni ya uji. Akatazama kikaango, akasonya. Mtu fundi hawezi kuona karanga zinaungua akanyamaza. Akajifunga khanga kiunoni, akaninyang'anya mwiko. Alipotwanga, harufu ikajaa uani, Yasini akageuza kichwa. Nikamimina uji bakulini, nikatia karanga, nikampa Bi Chiku kijiko. "Mlishe wewe."

Akamlisha. Mtoto akala, akala, akashika mkono wa bibi yake asiuondoe. Bi Chiku akakwangua bakuli mpaka likaisha. Kisha akauliza, hamwangalii mtu usoni, "Ule wa kwenye ndoo, tuwape kuku?"

"Kuku watashukuru," nikamwambia.

Yasini alitembea. Sasa ni kijana, ana pikipiki, akipita ananipigia honi na mie namkemea. Zuhura aliwaambia wengine, na Bi Chiku aliwaambia zaidi, tena kwa sauti. Wakaja wa Chanika, wakaja hata wa Vingunguti. Wote walikuja kwa vifaranga. Neno lile la jikoni likawa lao, unasikia mama akimwambia mwenzake kisimani, bibi wa kuku anasema ya chumbani hayajui. Wanadhani ni neno la zamani. Nami kila nikilisikia nageuka upande wa kigoda kile, nimwambie, umesikia, hilo ni langu.

Hilo ndilo linalonisumbua uzeeni, wajukuu zangu. Asumini alisikia nusu ya hadithi. Alimsikia Baba Anitha na jogoo, akacheka, akaenda zake akijua nimekuwa daktari wa kuku. Ya Zuhura hakuisikia. Nimewahadithia watu wengi, wanacheka panapochekesha, wananyamaza panapostahili, ila hakuna anayecheka akakohoa. Natamani nimwone mara moja tu, kwenye kigoda chake, mwiko mapajani, nimwambie, Asumini, nilifungua, na huyu jogoo usimfute.

Rehema, kitoe kibao mvunguni. Watu watakisoma vibaya. Waache wasome wanavyoweza, mradi waingie, ukishamkalisha mtu ndipo utajua kilichomleta. Na akikuuliza wewe ni nani, mwulize mtoto wake anaitwa nani.

Juzi nilikuwa nachambua mchele kibarazani. Miguu hainibebi siku hizi, na jogoo wangu amepauka, hana mkia mpaka leo. Akasimama binti langoni, simjui, kajitanda, mgongoni kuna kitu kimefunikwa. Akasoma kibao, akatazama huku na huku barabarani.

"Hodi, Bibi. Samahani, hapa mnaangalia vifaranga?"

Nikasogeza kigoda cha pili.

"Tunaangalia," nikamwambia. "Pita, mwanangu."